Mtoto Aliyeshindwa: Nani Aulizwe?



Kila mwisho wa mwaka wa shule hukumu hutolewa: huyu amepita, yule ameshindwa. Na juu ya aliyeshindwa watu hawakawii kusema: ni mvivu, hana akili, wazazi wake hawakumwangalia. Mara nyingine humgeukia mwalimu na kusema hajui kazi yake. Ni nadra mtu kusimama mlangoni pa darasa lenyewe, akatazama ndani, akauliza kama mahali pale palimruhusu mtoto kujifunza na mwalimu kufundisha. Swali hilo si la mafundi wa ujenzi tu. Ni swali la haki; maana kumhukumu mtu kwa jambo lisilokuwa katika uwezo wake ni kumdhulumu.

Tuanze na yale yanayoonekana. Mvua ikipiga juu ya mabati yasiyo na dari, sauti ya mwalimu haifiki hata benchi la tatu. Mtu mzima anayejua lugha vema hukamata maneno mawili matatu, na mengine huyajazia kwa akili yake. Mtoto hawezi hivyo, sembuse mtoto anayefundishwa kwa lugha isiyosemwa nyumbani kwao. Kwake neno lililopotea limepotea. Hapa kwetu mashariki ya Kongo mtoto huanza masomo kwa Kiswahili, na baada ya miaka michache huvushwa kwenye Kifaransa. Wakati ule wa kuvuka ndipo anapohitaji kusikia kila silabi. Basi mvua ile ile humwumiza yeye kuliko mwana wa karani aliyezoea Kifaransa mezani pa baba yake. Wote wawili wameketi chini ya bati moja, lakini mzigo wao si mmoja.

Nuru nayo vivyo hivyo. Wajenzi wa zamani wa shule za Ulaya walikuwa na desturi ya kuweka madirisha makubwa upande wa kushoto wa wanafunzi, ili mkono wa kuume unaoandika usitie kivuli juu ya daftari. (Wenye kuandika kwa mkono wa kushoto hawakufikiriwa, lakini hayo ni mateso mengine.) Ni jambo dogo, tena halina gharama, kwa kuwa dirisha litatobolewa tu, upande huu au ule. Lakini ni wangapi wanaojenga darasa huku wakilifikiri jicho la mtoto? Huulizwa bei ya saruji, na maulizo hukoma hapo.

Hata hivyo, jambo zito kwetu leo si dirisha, bali ni wingi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi ndio waliobeba mishahara yao. Mtoto asiyeleta minervali alirudishwa nyumbani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Lakini ilitubidi kungoja hadi Septemba 2019 neno hilo lianze kutendwa. Watoto wakaingia kwa wingi. Hilo ni jema, wala simwonei huruma anayetamani siku zile mlango ulipofungwa kwa maskini. Ila vyumba havikuongezeka kwa mwendo wa watoto. Mwalimu aliyezoea watoto arobaini akajikuta na themanini, na mahali pengine kupita mia.

Tufanye hesabu. Mwenye watoto 100, akisahihisha daftari la kila mmoja kwa dakika moja tu, atatumia saa 1 na dakika 40 kwa zoezi moja. Mazoezi matatu kwa siku ni saa 5 kamili. Wema wa moyo hauongezi saa katika siku. Kwa hiyo mwalimu hubadili ufundishaji wake, pengine bila kujitambua. Huacha kuwaandikisha insha. Hushika maswali ya kujibiwa kwa pamoja. Darasa zima hupaza jibu moja, na aliyefahamu na asiyefahamu husikika sawasawa. Mkaguzi apitapo nje husema: darasa hili lina uhai! Kumbe humo ndani wamo thelathini wanaofungua kinywa tu.

Labda mtu atapinga: «Wazee wetu walisoma chini ya mwembe, wakaandika mchangani kwa kidole, nao wakawa watu wazima wenye heshima.» Ni kweli, nami nawaheshimu. Lakini tutazame ni nani anayetusimulia habari hiyo. Ni yule aliyefaulu. Wenzake walioacha masomo mwaka wa pili hawapo barazani kutoa ushuhuda wao. Aliyepona hawezi kutuambia wangapi walikufa kwa ugonjwa ule ule.

Hata hivyo wazee hao wanatufundisha jambo jingine, nalo ni kwamba kuta peke yake hazitoshi kumfanya mtoto ajue kitu. Padre Lorenzo Milani alipelekwa mwaka 1954 Barbiana, kijiji cha milimani katika nchi ya Italia, upande wa Firenze. Akawakusanya watoto wa wakulima, miongoni mwao wale ambao shule ziliwaangusha, akawafundisha katika nyumba ya parokia, kutwa nzima. Mali hakuwa nayo. Lakini huko mkubwa alimfundisha mdogo, na aliyebaki nyuma hakuwa aibu ya darasa, bali kazi ya darasa zima. Mwaka 1967 wanafunzi hao walitoa kitabu, barua waliyomwandikia mwalimu mmoja mwanamke, wakaonyesha kwa hesabu kwamba watoto wanaoangushwa ni hasa watoto wa maskini. Padre Milani alifariki mwaka huo huo.

Basi neno mazingira ni pana kuliko jengo. Chumba cha saruji ambamo mtoto akikosea huchekwa, na mwalimu hucheka pamoja nao, ni mahali pabaya pa kujifunzia. Mtoto aliyechekwa mara mbili hataiuliza tena maana ya neno asilolifahamu. Mwalimu hawezi kuongeza vyumba, hilo ni deni la serikali na la sisi sote. Lakini kicheko hicho kiko mkononi mwake. Na tena viti. Katika madarasa mengi wepesi wa akili huketi mbele, na wanaosuasua huketi nyuma, penye giza na kelele. Yaani asiyesikia vema huwekwa pasiposikika! Kuwabadilisha viti kila mwezi hakuhitaji feza wala ruhusa ya mkubwa yeyote.

Linabaki swali la mtihani. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, shule nyingi za Kivu zilifungwa. Kuna madarasa ambamo wakimbizi walilala, na mahali pengine benchi zikawa kuni. Je, ni haki kumpa mtoto wa huko karatasi ile ile apewayo mtoto ambaye hakukosa siku hata moja? Wengine wasema, apunguziwe maswali. Mimi sikubali. Muuguzi asiyejua kupima dawa atamwua mgonjwa, hata kama alisomea chini ya turubai. Mgonjwa hatapona kwa kuwa tulimhurumia muuguzi. Mtihani na uwe mmoja. Lakini tusiuombe mtihani utujibu swali usiloliuliza. Karatasi yatuambia kile ambacho mtoto anakijua leo. Haituambii kile ambacho angaliweza kukijua, wala kwamba ni mvivu. Anayesoma alama 35 na kuandika pembeni «hana akili» ameongeza neno lake mwenyewe.

Na akiamriwa kurudia mwaka, wazazi na kamati ya shule na waulize neno moja kabla ya kukubali: mwezi wa Septemba atarudishwa wapi? Kama ni benchi lile lile la nyuma, chini ya bati lile lile, na watoto mia wale wale, waombe kwanza waonyeshwe ni kitu gani kitakachokuwa kimebadilika.