Unyevu Chini ya Lundo: Mtoto na Tangazo la Nafaka Tamu

Swali la iwapo ni halali kumvutia mtoto kwa nafaka za pakiti zilizotiwa sukari, zile zinazoliwa na maziwa asubuhi, huachiwa madaktari, ilhali huko Likoni, Kisauni na Changamwe, mitaa ya Mombasa ambako misikiti na makanisa hupakana, hilo ni suala la uadilifu wa biashara kabla ya kuwa la meno na uzani. Fiqhi ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hushurutisha kwamba muuzaji na mnunuzi wawe wamebaleghe na wana rushdi, yaani busara ya kusimamia mali, na kwa hiyo biashara ya mtoto haisihi hata akiwa mumayizi, yaani aliyefikia umri wa kupambanua mambo.

Watetezi wa matangazo hujibu kwamba mtoto hanunui. Anunuaye ni mzazi, mwenye fedha na akili timamu. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau jinsi pakiti yenyewe ilivyogawanywa: upande wa mbele, wenye mnyama wa katuni na rangi kali, husema na mtoto asiyejua kusoma, na upande wa nyuma, wenye gramu za sukari kwa herufi ndogo, mara nyingi za Kiingereza, husema na mzazi anayewahi feri alfajiri. Kishawishi hupewa mmoja, taarifa hupewa mwingine.

Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume alitia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu, naye akamhoji mwenye mali, aliyejitetea kwa mvua, kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Aliyelaumiwa hakulaumiwa kwa mvua, bali kwa mahali alipouacha unyevu, na ndiyo maana kipimo hicho hakimgusi sana mama anayeuza mabuyu nje ya shule: sukari yake nyekundu hupaka vidole na ulimi, wala haijifichi nyuma ya orodha ya vitamini. (Meno, kwa kweli, hayaijali tofauti hiyo.) Onyo la Injili ya Marko, sura ya 9, dhidi ya kuwakwaza wadogo linaelekea huko huko.

Chile, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016, iliondoa katuni kwenye pakiti zenye sukari nyingi na kuweka mbele alama nyeusi ya pembe nane. Kwa maneno mengine, iliuleta unyevu juu ya lundo. Kenya haina haja ya kutafuta msingi mbali, kwani Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya staha, na mwaka 2012 Bunge hilo hilo lilidhibiti utangazaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Wabunge wa Mombasa, pamoja na maimamu na wachungaji wanaosikilizwa nao, wanapaswa kudai kwamba ulinzi huo usikome mtoto anapoachishwa ziwa.