Waifai ya Jirani Ina Mwenyewe

Fungua simu katika jengo lolote la ghorofa Kariakoo au Eastleigh, na majina ya waifai yatajipanga kwenye kioo: ya mpangaji wa juu, ya duka la chini, ya ofisi ya ng'ambo ya barabara. Mengi yana alama ya kufuli, machache yako wazi. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo masheikh wameshaulizwa mara nyingi: je, ni halali kutumia waifai ya jirani bila kumwambia? Wapo wanaoliona swali la kitoto. Mimi naliona zito, kwa kuwa linatulazimisha kusema mali ni nini pale kitu kisiposhikika na ukuta usipokizuia.

Anayetetea kutumia ana hoja yenye nguvu, na si haki kuipuuza. Waifai husafiri katika masafa, mojawapo likiwa la gigahezi 2.4, ambalo Marekani ililifungua mwaka 1985 litumike bila leseni, na nchi nyingi zikafuata. Hakuna raia anayeyamiliki. Yapo pia mafundisho mashuhuri ya Mtume kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Kwa nini mawimbi yanayopenya hadi chumbani kwangu yasiongezwe hapo? Tena jirani amelipia kifurushi cha mwezi kisicho na kikomo. Taa ya baraza lake ikimulika uchochoro nami nikasoma kwa mwanga wake, nimemwibia nini?

Tofauti ni kwamba mwanga haupungui kwa kuongezeka wasomaji. Vifaa vilivyo kwenye ruta moja hupokezana zamu. Kimoja kikizungumza, vingine vinasubiri. Mtu akipakua filamu upande wa pili wa ukuta, somo la video la mtoto wa mwenye nyumba linakwama. Hata hivyo siijengi hoja yangu juu ya hasara peke yake, kwa maana saa tisa usiku, watu wote wamelala, hasara hiyo haipo, na mtetezi atanishinda kirahisi.

Lililo zito zaidi ni jina. Kwa kawaida vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta moja huonekana huko nje kwa anwani moja, na anayefuatilia anwani hiyo humfikia aliyesajili laini. Ujerumani, mwaka 2010, mahakama ya juu ya shirikisho iliamua shauri la mtu aliyekuwa likizo wakati wimbo ulipokuwa ukisambazwa kupitia waifai yake isiyolindwa vizuri. Hakutakiwa kulipa fidia, lakini iliamuliwa kuwa angeweza kuamriwa azuie matumizi hayo na kubebeshwa gharama za onyo. Sheria ya huko ilirekebishwa baadaye, mwaka 2017. Kwa hiyo anayejiunga kimyakimya hachukui intaneti tu, anatembea mjini amevaa jina la mwenzake. Aya ya 27 ya Sura An-Nur inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyeji. Katazo hilo halitaji wizi hata kidogo: aliyeingia bila hodi akatoka mikono mitupu ameshakosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 nayo imekwenda njia hiyohiyo, kwani kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta pasipo haki ni kosa hata kabla ya kuuliza kilichochukuliwa.

Utaniambia: na isiyo na nenosiri? Hapo huamua desturi, nayo fiqhi huipa uzito. Mlango wa mgahawa ukiwa wazi ni karibisho. Mlango wa nyumba ya mtu ukiwa wazi huenda ni usahaulifu tu. Matatu za Nairobi zilipoanza kufungwa waifai ya bure mwaka 2014, abiria hakuwa na haja ya kumwomba kondakta. Alikwisha kualikwa. Lakini hata mwaliko una mpaka. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 23, inamruhusu mpita njia ale zabibu za shamba la jirani hadi ashibe, ila asitie hata moja katika chombo chake. Anayeagiza chai moja, akakaa kutwa akipakua tamthilia za kwenda kuuza kwenye kibanda chake cha filamu, huyo ametia zabibu chomboni.

Mwenye ruta naye asidhani kufuli limemsafisha. Sura Al-Maun inawakemea wanaonyima hata vitu vidogo vya kusaidiana. Jirani aliyekwishiwa bando siku ya mwisho ya maombi ya chuo, akabisha hodi akaomba dakika kumi, anaomba kitu kidogo cha namna hiyo. Kumjibu kwamba intaneti ni ghali leo, ilhali umeilipia mwezi mzima, ni uchoyo. Kisingizio cha usalama nacho ni chepesi: ruta nyingi za sasa zinaruhusu kufungua mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, uliotengwa na vifaa vya ndani, na kuuzima mgeni akimaliza. Basi mwenye shida abishe hodi, na mwenye ruta afungue.