NI NANI HAKUANDIKWA?



Sisi wa Kasongo na Kabambare tunaijua dawa ya upofu wa mtoni, Mectizan, inayogawiwa na wanakijiji wenyewe. Mgawaji anapita nyumba kwa nyumba na daftari, anaandika majina, anampima kila mtu urefu kwa fimbo, anatoa vidonge. Mtoto asiyefika sentimita 90, mama mwenye mimba, mgonjwa sana: hao wanaandikwa lakini hawapewi. Mwisho munganga anauliza: mmefikia wangapi katika mia? Mpango wa APOC, uliofanya kazi tangu 1995 hadi 2015, ulitaka wasipungue 65.

Lakini mia ya nani? Tuseme daftari ina majina 200, na 160 wamemeza. Ni 80 katika mia, tunashangilia. Kumbe ng'ambo ya Luama, katika kambi za mashamba, wako watu 100 pamoja na waliokimbia vita, na hakuna aliyewaandika. Basi ni 160 katika 300, hata 54 katika mia hawafiki. Hakuna aliyesema uongo, kila jina ni la kweli, na hesabu imedanganya.

Na wale inzi wadogo weusi wa mtoni hawasomi daftari. Wanamwuma asiyeandikwa, kisha wanamwuma aliyeandikwa. Dawa inaua watoto wa mnyoo. Mama yao anaweza kuishi ndani ya mwili miaka zaidi ya 10, ndiyo sababu tunameza kila mwaka.

Wengine kati yetu wanasema kuhesabu watu ni dhambi, kwa sababu ya Daudi. Mimi sikubali. Mungu mwenyewe alimwagiza Musa kuhesabu, jina kwa jina. Daudi alitaka kujua nguvu zake. Tena someni 1 Mambo ya Nyakati 21: Yoabu hakuwahesabu Lawi na Benyamini, na bado alimpelekea mfalme jumla! Jumla ile ilikuwa kubwa, ikapendeza, na kabila mbili hazimo.

Anayejificha naye tusimhukumu upesi. Wakati wa Wabelgiji, aliyeandikwa alidaiwa kodi na kulimishwa pamba kwa lazima. Wazee wetu walijifunza kwamba daftari inakuja kuchukua, haiji kuleta. Hofu hiyo haiondoki kwa tangazo la siku moja.

Lakini mgawaji je? Mwaka mmoja nilikuwa mimi. Mama mmoja mzee alikuwa shambani, nami nilichoka, jua lilikuwa linazama. Nikamwachia jirani vidonge vitatu, nikaandika: amemeza. Miezi ikapita. Nilipofika kwake nikaviona, vimefungwa katika karatasi ileile, vimechomekwa juu ya mlango. Jirani alikuwa amevipeleka. Mama akanipa kiti, akasema alikuwa ananingoja nije na fimbo yangu nimpime.