Mwaka Mpya wa Masomo



Mwezi wa Septemba shule zetu hufunguliwa. Vyuo vikuu navyo hufuata. Vijana wetu waendao Goma au Bukavu hukuta huko Wakristu wenzao wasalio pamoja. Je, yawafaa nini kusali, nao wamekwenda kusoma?

Mtazameni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria. Angali mwanafunzi aliingia jumuiya ya Sant'Egidio, akasali na kuwafundisha watoto wa barabarani. Kisha kazi yake ikawa kukagua bidhaa mpakani. Watu walimpa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, maana maskini wangekila na kudhurika. Mwaka 2007 alitekwa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri.

Fedha ile haikukuta moyo mtupu. Ulikwisha kujazwa tangu siku za chuo. Basi ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, msingojee siku ya kujaribiwa ndipo mjifunze kusali. Waombeeni wanafunzi waendao mjini, nanyi shikeni mafundisho yenu tangu siku ya kwanza. Roho Mtakatifu awaangaze. Amina.