Je, kuona ndiko kujua?

Mara nyingi tunasikia mtu akisema: «Nimeona kwa macho yangu,» akidhani shauri limekwisha. Lakini je, kuona peke yake kwatosha? Wataalamu wa nyota wanatupa jibu.

Tarehe 25 Desemba 2021 darubini iitwayo James Webb ilirushwa kutoka Kourou. Inakaa mbali na dunia, kilometa milioni moja na nusu hivi, ikitafuta galaksi za kwanza, yaani makundi makubwa mno ya nyota. Nuru ya galaksi hizo imesafiri zaidi ya miaka bilioni 13. Njiani mawimbi yake yamevutwa yakawa marefu, hata nuru ikapita wekundu, isionekane tena kwa jicho la mtu. Darubini hiyo huipokea. Basi, galaksi iliyo nyekundu sana hudhaniwa kuwa ya mbali na ya kale.

Lakini wekundu una sababu nyingi. Jua la kiangazi huonekana jekundu katika moshi wa majani yanayochomwa, wala halikwenda mbali. Mwaka 2022 galaksi CEERS-93316 ilihesabiwa kuwa ya miaka milioni 240 hivi baada ya mwanzo wa ulimwengu. Wataalamu wengine wakaonya: pengine si hivyo. Mwaka 2023 nuru yake ilipasuliwa rangi kwa rangi, kama mvua ipasuavyo nuru ya jua kuwa upinde. Ikaonekana kwamba ni ya miaka bilioni moja na zaidi baada ya mwanzo. Vumbi na gesi ing'aayo vilikuwa vimeipa sura ya uzee.

Je, kupima huku kulivunja tu? Hapana. Kwa kipimo kilekile, mwaka 2024 galaksi JADES-GS-z14-0 ilithibitishwa kuwa ya miaka milioni 290 tu baada ya mwanzo, nayo yang'aa kuliko walivyotazamia. Kipimo kilikataa la uongo, kikapokea la ajabu.

Nasi je? Jirani amepita usiku karibu na nyumba iliyoibiwa. Asubuhi twasema: «Tumemwona mwizi.» Sivyo! Tumemwona mtu anayepita. Wizi tumeuongeza sisi wenyewe, na jina lake limeharibika. Galaksi haiumii ikihesabiwa vibaya, mtu huumia. Basi tulichoona tukiseme, na tulichodhani tukiite dhana, mpaka kipimwe.