Waiteni Wachache, Mkae Nao

Wajukuu zangu, mmeniuliza kama inafaa kuwaita ndugu na rafiki wachache nyumbani kwenu Jumapili asubuhi, mle pamoja kabla ya mchana. Inafaa sana. Na nimeona niwaandikie badala ya kujibu kwa simu, kwa sababu hili ni jambo ambalo hapa Kirua, mlimani Kilimanjaro, linatuponyoka huku tukidhani tunalo.

Tunadhani tunalo kwa sababu ya Desemba. Desemba mlima hujaa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hufika usiku na mchana, tangu treni ya abiria irudi Moshi Desemba 2019 wapo wanaokuja nayo, na barabara ya kupandia huku kutoka Uchira inakuwa magari matupu. Mbuzi wanachinjwa, ukoo unakutana, watoto wanabatizwa, ndoa zinafungwa. Naipenda Desemba kwa moyo wangu wote na sitaki ipungue. Lakini penye watu mia mbili hakuna anayemsikiliza mwenzake. Unamwamkia shangazi yako, "Shikamoo," naye anaitikia, "Marahaba, watoto hawajambo?" Kabla hujajibu ameshavutwa mkono na mwingine. Mnaagana Januari hujui kwamba macho yake yameanza kufifia, wala kwamba binti yake ameachishwa kazi tangu Agosti. Mambo kama hayo hayasemwi chini ya turubai, muziki ukipigwa. Husemwa kwenye meza ya watu wanane, kikombe cha pili kikimiminwa, pale mtu anapoona kwamba hakuna anayemharakisha.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza ni hesabu ya watu. Wasizidi kumi, na hao kumi wawe wale ambao mkiwauliza "habari za siku nyingi" mna muda wa kungoja jibu la kweli. Msimwite mtu kwa kuwa aliwaita kwake. Deni la sherehe lina siku yake na njia yake ya kulipwa. Waiteni wazazi wa pande zote mbili, shangazi yule aliyewalea, jirani mnayegawana naye mpaka, na rafiki wawili watatu mnaoweza kulia mbele yao. Kama kuna mjane kwenye ukoo, aanze kuitwa yeye.

Jambo moja liangalieni kabla hamjapiga simu hata moja. Katika ukoo wetu wapo watu wasiosemeshana, mnawajua. Msiwakutanishe mezani kwa kuwashtukiza, mkidhani chakula kitawapatanisha. Upatanisho kwetu una jani lake, sale, ambalo mwenye kosa hulipeleka mwenyewe kwa aliyemkosea, na mtu aliyeletewa sale ni shida kubwa kulikataa. Hilo ni jambo zito, lina wazee wake. Ukimketisha mtu mbele ya hasimu wake bila kumwambia, umemnyang'anya heshima ya kuchagua, na chakula chako kitamkaa kooni. Waiteni kwa zamu, huyu mwezi huu, yule mwezi ujao.

Saa iwe saa nne. Mtasikia watu wakisema kula katikati ya asubuhi na mchana ni mambo ya mahotelini. Mimi nimekulia kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, na najua saa nne ni saa yetu. Mtu wa mlimani huamka gizani, akamue, afagie banda, aende kukata majani ya ng'ombe, maana huku hakuna malisho ya kuachia mifugo na ng'ombe hula alipofungwa. Akirudi na mzigo wa majani kichwani jua limeshapenya kwenye migomba, na njaa anayokuwa nayo si ya kikombe cha chai na andazi. Jumapili ni hivyo hivyo. Aliyesali misa ya kwanza, au ibada ya kwanza kwa ndugu zetu Walutheri, hutoka kanisani hajatia kitu tumboni, amevaa vizuri, moyo umetulia. Huyo ndiye mgeni wenu. Mkimweka mpaka saa saba mkisubiri chakula cha "kueleweka," mtampata amechoka na akili yake iko kwa ng'ombe wake wa jioni.

Sasa chakula. Pikeni mtori. Najua kuna vitu vingi mmeviona kwenye picha, na sivikatazi, lakini hakuna chakula cha asubuhi ya baridi ya Kirua kinachoushinda mtori, hasa Julai ukungu ukiwa umeshuka mpaka mlangoni. Kwa watu kumi chukueni kilo mbili za nyama yenye mifupa, mbavu au shingo, na vichana vitatu vya mshare. Mshare, si ndizi yoyote. Ukikosea ndizi hutapata ule ulaini. Nyama ianze kuchemka usiku wa kuamkia siku hiyo, taratibu, kwa chumvi na kitunguu tu, mpaka iachane na mfupa. Asubuhi mpakae mafuta mikononi ndipo mmenye, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi ukiganda kwenye vidole hautoki kwa sabuni. Kila ndizi inayomenywa iingie kwenye maji papo hapo, isiwe nyeusi. Zichemsheni ndani ya supu yenyewe, si pembeni. Zikiiva mpaka zinapasuka zikiguswa, toeni nyama, shikeni mwiko, mponde.

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea kwa haraka. Wanatia kwenye mashine ya kusagia, mtori unatoka kama gundi. Mwiko unaacha chembe ndogo ndogo za ndizi ambazo ulimi unazitafuta. Pondeni mkiongeza supu kidogo kidogo, mrudishe nyama iliyochambuliwa, mtie siagi au maziwa, muonje chumvi. Mtori mzuri huteremka wenyewe kwenye mwiko ukiuinua, hauning'inii wala haumwagiki kama maji. Na wekeni supu ya moto akiba, kwa sababu ukikaa dakika ishirini utakuwa mzito. Hiki ndicho chakula tunachompa mzazi aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa, kwa hiyo mnapomwekea mgeni bakuli la mtori mnamwambia kwamba mnamtunza. Mtu wa huku ataelewa bila kuambiwa.

Wewe kijana, unayesoma barua hii ukidhani maneno haya ya jikoni ni ya mke wako: ndizi utamenya wewe. Zamani migomba ilikuwa mali ya mama na fedha ya kahawa ilikuwa ya baba, na mwanamume aliyeshika kisu alishika cha kuchinjia. Kazi ziligawanywa hivyo kwa sababu zake, na leo mke wako anatoka kazini saa ile ile unayotoka wewe. Mkimenya pamoja, mtamaliza kabla kengele ya misa haijalia.

Vingine vya mezani viwe vile kihamba kinavyotoa. Magimbi ya kuchemsha yale ya kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji, mayai ya kuku wenu, mboga ya mnafu kidogo kwa anayependa uchungu wake, parachichi, ndizi kisukari zilizoivia mgombani. Kama yupo asiyekula nyama, mpikieni kiburu, ndizi na maharage, ashibe sawa na wengine. Keki ya kununua na soda za katoni si lazima. Na msikope. Nimeona watu wazima wakikopa kwenye kikundi ili wageni wapige picha meza, halafu wanawakwepa wageni wale wale mwezi mzima.

Kwa mgeni Mwislamu, ulizeni nyama imechinjwa na nani kabla hamjainunua, na kama ni kuku wa nyumbani, mpelekeeni jirani Mwislamu amchinje. Kitimoto kiacheni siku nyingine kabisa, wala kisipikwe kwenye sufuria zitakazotumika siku hiyo. Chai msiitie sukari jikoni. Wekeni sukari mezani, kwa kuwa kwenye kila nyumba ya mlimani sasa kuna mzee mwenye kisukari ambaye anaona haya kusema, atakunywa kikombe kitamu ili asiwasumbue, na jioni ataumia peke yake.

Kahawa nataka niiseme kwa kirefu kidogo, kwa kuwa inaniuma. Miche ya kahawa iliingia huku kupitia misheni ya Kilema, hawa hawa jirani zetu, misheni iliyofunguliwa 1890. Babu zenu waliipenda mpaka wakajiundia chama chao cha wakulima, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama cha ushirika ambacho mnaona jengo lake pale mjini Moshi. Ada za baba zenu zimetoka kwenye kahawa. Mabati ya nyumba hii yametoka kwenye kahawa. Lakini ingieni nyumba kumi za Kirua mwombe kikombe cha kahawa, wengi watawapa chai. Kahawa yetu tunaipeleka yote chama cha msingi, inaondoka mlimani, watu wa Ujerumani na Japani wanajua ladha yake na mtoto wa mkulima haijui.

Basi wekeni debe moja la nyumbani kila msimu. Jumamosi ile, toeni maganda kwenye kinu, mpepete kwenye ungo, mkaange kwa moto mdogo kwenye sufuria nzito mkigeuza bila kuacha. Itaanza kunukia kama mahindi, halafu itapasuka pasuka, halafu rangi itakuwa ya udongo wa mvua. Hapo ipueni, msingoje iwe nyeusi kama mkaa. Itwangeni asubuhi wageni wakiwa wameshafika, si kabla, waisikie harufu. Mzee aliyeitunza mibuni maisha yake yote akipewa kikombe cha kahawa aliyoilima mwenyewe ataanza kusimulia, na ninyi na rafiki zenu wa mjini mtajua mambo ya ukoo huu ambayo hayajaandikwa popote.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, kama mnataka iwepo, haiandaliwi kwa siku moja. Ndizi zinapikwa, zinaachwa siku kadhaa, kisha zinaungwa na unga wa ulezi ulioota, kwa hiyo mwambieni mpishi wake wiki nzima kabla. Iwe kidogo, iletwe mwisho, kwa wazee wanaoinywa, na mwenyeji aonje kwanza mbele yao kama ilivyo desturi. Asiyekunywa asiulizwe sababu.

Wageni wakifika, wapokeeni mlangoni ninyi wenyewe, wote wawili. Wakubwa waamkiwe kwanza, wanawishwe mikono kwanza, waandaliwe kwanza. Mbuzi akichinjwa, kidari ni cha baba, kila mtu anajua. Kwenye mtori hakuna kidari, lakini bakuli la kwanza lina mwenyewe vile vile, na mzee huliona hata kama hatasema. Watoto wale pale pale karibu, wasifungiwe chumba cha nyuma na televisheni. Watajifunzia wapi kukaa na watu?

Na hili ndilo kubwa kwangu kuliko mapishi yote: kaeni. Mama wa nyumba anayezunguka kati ya jiko na meza tangu saa nne mpaka saa saba hajakaribisha watu, amewahudumia. Wageni wake wanaondoka wameshiba na hawajamwona. Kila kitu kiwe kimeiva kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi, chupa za chai ziwe zimejazwa, sufuria ya mtori iletwe mezani yenyewe na upawa wake. Vyombo vichafu viachwe. Simu ziwekwe kabatini, na ninyi wenyeji muanze, bila kuwahubiria wengine. Kukiwa kimya kidogo msikimbilie kukijaza kwa redio. Mara nyingi aliyenyamaza anatafuta namna ya kuanza jambo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjue kwamba mwenyeji haponi akiwa jikoni.

Anayepita njiani akasikia vicheko akachungulia, mkaribisheni. Ndiyo maana kipimo cha mtori nilichowapa cha watu kumi kinatosha hata kumi na wawili. Asikae pembeni, apewe kiti na bakuli kama aliyeitwa.

Wageni wakiaga, msiagane nao mlangoni. Wasindikizeni mpaka barabarani, wakubwa mpaka wapate usafiri, na kila nyumba iondoke na kitu cha kihambani: kichana cha ndizi, parachichi tatu, kahawa kidogo kwenye karatasi. Mengi muhimu husemwa hapo njiani, mkitembea bega kwa bega bila kutazamana usoni, kwa hiyo msiharakishe hatua.

Mkirudi, kabla ya vyombo, jazeni bakuli moja la mtori, mlifunike, mmoja wenu ampelekee yule mzee wa juu ambaye miguu yake haikumruhusu kuja. Mwongezeeni supu ya moto kwanza. Mwambieni waliokuja ni nani na nani, na walisema nini, kwa majina yao wote, maana atauliza.