Mwenye Wimbo na Mnunuzi Wake

Mtu anunuapo wimbo, hununua nini hasa? Anunuapo embe jambo ni wazi: fedha hutoka, embe huingia kapuni, na muuzaji hana neno tena. Lakini wimbo si embe. Aliye nao aweza kumpa mwenziwe, naye asipungukiwe na kitu. Ndiyo sababu neno "wizi", ambalo katika lugha yetu ni kumwondolea mtu kilicho chake, halikai sawasawa juu ya tendo la kunakili. Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba kunakili hakumdhuru mtu. Wahenga walinena: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Zamani za kanda swali hili halikuwa zito sana, kwani kunakili kulitaka muda na kanda nyingine, na sauti ilififia kila iliponakiliwa. Wimbo ulipogeuzwa kuwa tarakimu za kompyuta, nakala ya elfu ikawa sawa na ya kwanza. Mwaka 1999 huko Marekani ilizuka Napster, ambayo kwayo watu walipeana nyimbo kwa njia ya intaneti bila malipo. Makampuni ya muziki yaliishtaki, nayo ikafungwa mwaka 2001. Kisha, mwezi Septemba 2003, makampuni hayo yaliwageukia wasikilizaji wenyewe. Watu 261 walishtakiwa kwa mkupuo mmoja, miongoni mwao mtoto wa kike wa miaka 12, na shauri lake likamalizwa kwa dola 2,000.

Yafaa tupime pande zote mbili. Mcheza kwao hutunzwa, na anayetunga wimbo ana haki ya kula jasho lake. Asemaye kwamba wimbo ni wa watu wote kwa kuwa tu ni rahisi kuuchukua, asema kwamba urahisi ndio haki. La hasha! Mlango ulio wazi haumfanyi mpita njia kuwa mwenye nyumba.

Lakini haki nayo ina kipimo. Mwaka 2007 mama mmoja wa jimbo la Minnesota alihukumiwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24, yaani dola 9,250 kwa kila wimbo, wakati ambapo wimbo mmoja uliuzwa kwa senti 99 katika duka la Apple. Baada ya kesi kurudiwa mara mbili, mahakama ya rufani ilikirudisha kiasi hicho hicho mwaka 2012. Adhabu iliyopita kosa kwa kiasi hiki haimfundishi mtu uadilifu; humfundisha hofu, na hofu ikiondoka hakibaki kitu.

Tena lipo jambo baya zaidi. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza diski ambazo, zilipotiwa katika kompyuta, ziliingiza humo kwa siri programu ya kuzuia kunakili, na programu hiyo ilifungua njia kwa wenye nia mbaya. Kelele zilipozidi, diski zikarudishwa. Tutazame ni nani aliyeumizwa. Aliyepata nakala ya bure kwenye intaneti hakuguswa. Aliyekwenda dukani akatoa fedha yake ndiye aliyetegewa mtego. Muuzaji amwonaye mnunuzi mwaminifu kuwa mwizi huvunja mwenyewe ule uaminifu anaoudai. Wazee wetu walikwisha kusema: biashara haigombi.

Makampuni yalilitambua hili pole pole. Mwezi Desemba 2008 yalitangaza kuacha kuwashtaki watu kwa makundi, na mwaka 2009 Apple iliondoa kufuli katika nyimbo ilizouza. Siku hizi wengi hulipa ada kila mwezi ili wasikilize tu; wakiacha kulipa, hawabaki na wimbo hata mmoja. Ugomvi umepungua, lakini swali letu la kwanza lingali palepale.

Sisi twaona kwamba mnunuzi hupata wimbo pamoja na amana. Yampasa asiugawe hata mtunzi akakosa riziki. Na muuzaji naye yampasa asiingie kwa siri nyumbani mwa aliyemlipa. Kufuli la kompyuta huvunjwa na mjuzi wa kompyuta. Kufuli la moyo hutiwa na malezi, na kazi hiyo, ndugu walimu, kwa sehemu kubwa ni yetu.